Mti wa Mpira Nyuma ya Jiko: Kuufuata Muhogo kutoka Amani hadi Mtwara

Nyuma ya jiko la shangazi yangu, Muheza, umesimama mti mmoja wa mpira. Kwetu Tanga hakuna anayeugema tena utomvu wake. Tunachuma majani yake machanga, tunayatwanga, tunayaunga kwa tui zito la nazi, na mboga yake tunaiita kisamvu cha mpira. Jioni ile ya Julai nilipowasili, sufuria ilikuwa mekoni na harufu ya nazi imeenea ua mzima. Tulikula kwa bada, ugali wetu wa unga wa muhogo, na kila nilipotaka kunawa shangazi alinisogezea bakuli tena.

“Kula, mwanangu,” alisema. “Mti huu mimi naupenda kwa sababu hauugui. Muhogo wa shambani unaugua, mpira hauugui.”

Nikaliweka tonge chini. Hilo analoliona shangazi kila siku akitwanga kisamvu ndilo waliloliona watafiti wa Amani karibu miaka 90 iliyopita, kilomita thelathini na kitu kutoka jikoni kwake. Kwa ajili ya jambo hilo nilikuwa nimefunga begi na kuaga nyumbani. Nilitaka kuufuata muhogo tangu mlimani ulikotengenezwa upya mpaka mashambani unakolimwa leo, nijue ni nani hasa aliyeuokoa.

Mimi na muhogo tuna kisa cha zamani. Nilikuwa darasa la tano. Masika yalikuwa mazuri na shamba la mama lilitamanisha: mashina manene, majani yamefunga, palizi imekamilika. Alipong’oa shina la kwanza tukaona mizizi mikubwa, tukashangilia. Alipoukata mmoja kwa kisu, ndani mlikuwa na madoa ya kahawia, makavu na magumu kama gome. Akang’oa shina la pili, la tatu, la kumi. Mbuzi wetu alisogea, akanusa, akaondoka.

Majirani walisema kuna mkono wa mtu. Mama hakubishana nao. Alihamia upande wa pili wa bonde, akabeba pingili kutoka shamba lilelile, akapanda upya. Mwaka uliofuata mambo yakawa vilevile, na nyumbani tukaishi kwa mahindi ya kununua na ya kukopa. Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba mkono wa mtu ulikuwepo kweli, ila ulikuwa wetu wenyewe. Ugonjwa ulikuwa ndani ya zile pingili, na sisi ndio tuliouhamisha.

Asubuhi nilipanda gari la abiria la kwenda Amani. Ukishaacha mashamba ya machungwa ya Muheza, barabara inaanza kupanda, na ukifika Sigi joto la pwani umeshaliacha chini. Kona zinafuatana, msitu unasogea mpaka kwenye vioo, maji yanashuka kando ya njia. Wanawake wawili waliopandia njiani walikuwa na vifurushi vya iliki, na gari zima likanukia. Tulipofika juu, ukungu ulikuwa haujapanda, nami nikafungua begi kutafuta sweta katikati ya mkoa ambao watu wengi wanaujua kwa jua na minazi.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapa mwaka 1902. Walipanda miti kutoka pande zote za dunia, na bustani yao ya miti ingalipo, sasa ndani ya hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997. Mzee mmoja anayeongoza wageni alinipitisha kwenye njia zenye majani mabichi yanayoteleza, akinitajia mti mmoja mmoja: mdalasini, mkarafuu, mikwinini iliyoletwa kwa ajili ya dawa ya malaria. Akanionyesha pia mhesi, mti uliopandwa kwa nia njema ukatoroka, na leo unasonga miti ya asili. “Utafiti ni kama moto wa jikoni, baba,” aliniambia. “Unapika, na usipouangalia unaunguza.”

Kituo hiki hakikujengwa kwa ajili ya mkulima mdogo. Wakoloni walitafuta mazao ya kuuza: kahawa, mpira, kwinini, mkonge. Mpira huu ulio nyuma ya jiko la shangazi asili yake ni Brazili, na uliletwa uzae utomvu wa kusafirishwa Ulaya. Bei ya mpira ilipoanguka kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mashamba yakaachwa, miti ikabaki porini na uani mwa watu. Wanawake wakajifunza kuula. Biashara ilipokufa, jiko liliuokoa mti.

Muhogo nao ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ulioletwa Afrika na Wareno, lakini kwa muda mrefu ulionekana chakula cha watu wa chini kisichostahili kupotezewa muda wa wataalamu. Hata hivyo magonjwa yake mawili makubwa ya virusi barani Afrika yaliandikwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, kwenye vilima hivi na tambarare zilizo chini yake. Batobato, unaokunja na kubadilisha rangi ya majani, ulielezwa mwaka 1894. Michirizi ya kahawia, ule uliomtia mama hasara, ulielezwa mwaka 1936.

Aliyeueleza huu wa pili ni H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyekuja Amani mwaka 1928 kutoka Afrika Kusini, ambako alikuwa amethibitisha kwamba ugonjwa wa milia wa mahindi huenezwa na mdudu mdogo anayerukaruka majanini. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols walionyesha mwaka 1938 kwamba batobato ya muhogo huenezwa na nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaopeperuka kama vumbi ukitikisa mche. Walikusanya aina za muhogo kutoka nchi nyingi, wakazipanda, wakangoja. Hawakupata hata moja isiyoshikwa kabisa.

Ndipo walipouangalia mti wa mpira. Ni ndugu wa muhogo, wa ukoo mmoja. Hauna mizizi ya kula, lakini unahimili magonjwa. Wakachukua chavua ya mmoja wakatia kwenye ua la mwingine. Watoto waliozaliwa walikuwa na nguvu za mpira, na mizizi yao haikufaa kitu. Wakawarudisha kwa muhogo, wakazalisha tena. Wakarudisha mara ya pili, kisha ya tatu, kila mara wakichagua miche iliyobaki na uhimilivu wa mpira huku ikirudisha mizizi ya muhogo. Kazi hiyo ilianza mwaka 1937. Nichols aliisogeza mbele, D. L. Jennings akaipokea kutoka kwake, na mwaka 1957 mpango ukafungwa.

Nilisimama muda mrefu mbele ya majengo ya zamani, ambayo baadaye yaligeuzwa kituo cha utafiti wa malaria, nikiwafikiria wasaidizi wa Kiafrika waliokuwa wakifunga maua, kuhesabu mbegu na kupalilia vitalu. Majina ya Waingereza nimeyasoma. Ya wasaidizi sikuyaona katika maandishi yoyote yaliyonifikia. Nawataja hapa hivyohivyo bila majina, kwa kuwa bila vidole vyao kusingekuwa na mche hata mmoja.

Mpango ulifungwa, lakini mbegu zilikuwa zimeshasafiri. Nyingine zilifika Ibadan, Nigeria. Miaka ya 1970 Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, ilipoanza kuboresha muhogo hukohuko Ibadan, ilitumia uzao wa Amani. Mmoja wa wajukuu hao, TMS 30572, ulienea Afrika Magharibi. Batobato kali ilipofagia mashamba ya Uganda miaka ya 1990 na watu wakaona njaa, aina hiyohiyo ilipelekwa kwa wakulima wa huko, nao wakaiita Migyera. Tazama mzunguko wake: kutoka mlima ulio juu ya Muheza hadi Nigeria, kutoka Nigeria hadi Uganda, jirani yetu. Mwaka 2016 wanasayansi waliosoma vinasaba vya muhogo walikuta vipande vya mpira bado vimo ndani ya aina za Kiafrika zenye asili ya Amani. Mti wa nyuma ya jiko umo katika sahani za mamilioni ya watu.

Siku ya tatu nilishuka, nikapita Segera, na kule Msata nikaiacha barabara ya Chalinze nikakata kushoto kuelekea Bagamoyo. Tulivuka Mto Ruvu saa za mchana. Kando ya barabara wauzaji walipanga fenesi, na muhogo mbichi uliofungwa mafungu kwa kamba za mgomba. Nilikuwa nakwenda Chambezi, kwenye mashamba ya majaribio yaliyo chini ya kituo cha Kibaha cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI.

Aliyenipokea alikuwa mtafiti wa kike, kijana, buti zimejaa udongo. Aliniomba nikung’ute viatu kabla ya kuingia. Tulipita katikati ya mistari ya mihogo iliyopandwa mita moja kwa mita moja. Akageuza jani. Nzi weupe walikuwa wamejipanga chini yake, wadogo kuliko punje ya chumvi.

“Watu wanauangalia mche kwa juu, wakiona kijani wanaridhika,” alisema. “Batobato unajitangaza wenyewe. Michirizi unajificha. Majani yanaweka umanjano kidogo kandokando ya mishipa, nayo hupukutika mapema, ushahidi ukaenda nao. Mkulima anakuja kugundua siku ya kuvuna, akiwa ameshatumia mwaka mzima.”

Nilimweleza kisa cha mama. Hakushangaa. Akaniambia hesabu ambayo tangu siku hiyo naitaja kila ninapozungumza na wakulima. Punje moja ya mahindi ikiota vizuri hukupa mamia ya punje za kupanda. Shina moja la muhogo hukupa pingili kama 10 kwa mwaka. Kwa hiyo aina mpya, hata iwe nzuri namna gani, hutembea polepole kuliko ugonjwa. Ekari moja ya nafasi ile tuliyoiona inahitaji pingili 4,000. Ukitaka kijiji kizima kipate mbegu safi, huwezi kuzitoa kituoni peke yake.

Ndiyo sababu wameunda mnyororo. Kituo huanza na mbegu mama, iliyopimwa maabara kuhakikisha haina virusi. Mbegu hiyo huzalishwa mashamba makubwa, kisha hufika kwa wazalishaji wadogo waliofunzwa vijijini, ambao wakaguzi wa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, hutembelea mashamba yao kabla ya kuuza. Mbegu ya ngazi hiyo ya mwisho inaitwa mbegu ya daraja la kuazimiwa ubora. Mzalishaji anaweza kuwa mama mwenye ekari mbili, anayeuza pingili kwa majirani wanaomjua kwa jina. “Akiuza mbovu, mwakani hauzi,” alisema yule mtafiti. “Ukaguzi wa serikali upo, na ukaguzi wa jirani upo.”

Akatoa simu, akaielekeza kwenye jani lenye mashaka. Programu inaitwa Nuru. Inaangalia jani na kukuambia kwa Kiswahili inaona ugonjwa gani, na inafanya kazi hata pasipo intaneti. Picha za mwanzo zilizotumiwa kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo zilipigwa mashambani kwa IITA nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, karibu na pale tulipokuwa tumesimama. Nilifurahi kuona chombo cha kisasa kilichofundishwa kwa majani ya kwetu na kinachosema lugha yetu.

Nikauliza kama aina mpya hupokewa vizuri vijijini. Hapo alikaa kwenye tuta, akafuta jasho. Alisema katika kazi hii amejifunza kutomhukumu mkulima anayekataa aina mpya. Kuna muhogo unaojaza gunia haraka, lakini ukiuchemsha unabaki mgumu, au unakuwa mchungu, au gamba lake linang’ang’ania kiasi kwamba mama anamenya mpaka jua linazama. Mwanaume akipimiwa uzito anafurahi, mkewe anaachwa na kazi.

“Zamani tulipima tani tu,” alisema. “Sasa kabla aina haijapita, tunaipika. Tunawaita kina mama, kina baba na vijana, kila kundi kwa nafasi yake, wanaonja na kusema. Wengine wanataka majani mengi ya kisamvu. Wengine wanataka unga mweupe. Wengine wanataka muhogo unaokaa ardhini muda mrefu bila kuharibika, maana kwao shamba ndilo ghala. Ukimsikiliza mmoja tu, umewaacha wengi.”

Kabla sijaondoka alinionyesha kitalu kimoja na kusema, “Hawa ni watoto wa Namikonga na Albert.” Nilidhani anatania. Albert ni aina ya kusini inayoshikwa upesi na michirizi. Namikonga, nayo ya kusini, inaikabili. Watafiti waliwazalisha pamoja, wakawapanda watoto wao Chambezi na Naliendele, ili kutafuta ni sehemu zipi za vinasaba zinazobeba uhimilivu. “Ukitaka kumjua Namikonga, nenda kwao,” alisema. Nikaenda.

Kusini ni mbali hata siku hizi za lami. Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri, tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003. Wazee waliokaa kiti cha nyuma yangu walikumbushana jinsi walivyokuwa wakilala kando ya mto wakingoja kivuko. Nangurukuru tulinunua muhogo wa kuchoma uliopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu. Lindi tuliiona bahari saa za alasiri, na Mtwara tuliingia giza limeshatanda.

Kituo cha Naliendele, nje ya mji wa Mtwara, kinajulikana kwa korosho, na siku zile mashambani harufu ya salfa inayopulizwa mikorosho ilikuwa hewani. Lakini ni hapa pia ambapo, kuanzia miaka ya 1990, watafiti waliirudia michirizi ya kahawia baada ya kimya cha miongo kadhaa. Tangu mpango wa Amani ufungwe mwaka 1957, ugonjwa huu ulikuwa umesahaulika kama tatizo la watu wa pwani. Vitabu vilisema haupandi maeneo yaliyo juu sana ya usawa wa bahari. Mwaka 2004 ukagunduliwa Uganda, zaidi ya mita 1,000 juu, kisha ukaenea Kanda ya Ziwa. Wakati huo waliokuwa na uzoefu nao walikuwa wachache. Jennings, akiwa amestaafu zamani, aliandika tena kuhusu muhogo alioufanyia kazi Amani ujanani mwake, na maandishi yake yakawa hazina.

Waliporudi kutafuta uhimilivu, watafiti waliuliza wakulima: muhogo gani hauozi? Wakulima wa kusini wakawatajia Namikonga, wakisema ni wa kienyeji. Pwani ya Kenya watu walikuwa na wao, waliouita Kaleso, na rekodi zilionyesha kwamba Kaleso ni mche wa Amani wenye namba 46106/27. Vinasaba vilipopimwa, ikaonekana Namikonga na Kaleso ni kitu kimoja. Muhogo wa kienyeji wa Mtwara ni mtoto wa Amani. Ni mjukuu wa mti wa nyuma ya jiko la shangazi.

Kijana mmoja wa ugani alinipeleka kwa pikipiki hadi kijiji kimoja upande wa Nanyamba. Bibi tuliyemfuata alikuwa uani, amezungukwa na makopa yaliyoanikwa kwenye majamvi, meupe kama chokaa. Nilimwamkia, “Shikamoo bibi.” Akaitikia “Marahaba” bila kuacha kumenya, akanisogezea kigoda na kisu. Nikamenya naye.

Aliniambia kila shina kwa jina lake. Huu wa kuchemsha, huu wa unga, huu mchungu haupandwi karibu na njia watoto wasije wakautafuna. Juu ya mchungu alinieleza kwa umakini mkubwa. Mwaka wa njaa watu hawangoji. Wanaanika siku mbili badala ya siku nyingi, wanasaga, wanakula. Sumu inabaki ndani ya unga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huu ulipata mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Watafiti waliofuatilia walifundisha njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia: unga huloweshwa maji, ukatandazwa mwembamba kivulini kwa saa tano ili sumu ipae, kisha husongwa ugali siku hiyohiyo. Hakuna mashine ya kununua. Kinachohitajika ni maji, ungo na mtu wa kukufundisha kabla njaa haijafika.

Kisha nikamuuliza kuhusu Namikonga. Alisema aliletewa na mama mkwe alipoolewa, naye mama mkwe aliupata kwa watu wake wa Lindi. “Ni wa mababu,” alisema.

Nikamweleza yote: Amani, mti wa mpira, Waingereza, ile namba. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Hao walioutengeneza, waliwahi kuupanda hapa?”

“Hapana, bibi.”

“Walikuja kuutazama mwaka wa ukame?”

“Hapana.”

“Basi mjukuu wangu, kuzaa si kazi, kazi kulea. Wao wameuzaa. Sisi tumeulea.”

Sijapata kusikia hukumu ya haki kuliko hiyo. Namba 46106/27 ingebaki karatasini kama wanawake wa Lindi, Mtwara na Kilifi wasingeihamisha shamba kwa shamba, mama kwa mkwe, miaka zaidi ya 50, hata kituo chenyewe kilichoizaa kilipokuwa kimeshageukia kazi nyingine. Na wanawake hao wasingekuwa na cha kuhamisha kama pale mlimani mtu asingekaa miaka 20 akitia chavua kwenye maua madogo.

Tulipoaga, bibi aliingia shambani akarudi na pingili sita za Namikonga zimefungwa kwa gome la mti. “Kapande kwenu Tanga. Umekuja mbali.”

Nilishikwa na uzito. Zawadi ya mbegu haikataliwi kwetu, na bibi huyu alikuwa amenipa kilicho bora alichonacho. Lakini nilimkumbuka mama akivuka bonde na mzigo wa pingili kichwani. Namikonga unahimili, haina maana kwamba haubebi virusi. Nikamwambia ukweli: ugonjwa husafiri ndani ya pingili hata mche ukionekana mzima, na sikutaka kuwapelekea watu wangu nisichokijua. Nilieleza na kisa cha mama. Yule kijana wa ugani alinyamaza akitazama chini, akihofu bibi ameudhika.

Bibi aliziweka pingili kwenye kivuli cha mkorosho. “Mama yako hakuambiwa,” alisema. “Wewe umeambiwa.” Akachukua kikapu kidogo, akakijaza makopa mpaka juu. “Haya hayaoti. Kale nayo.”

Makopa yale niliyafikisha Muheza. Shangazi aliyatwanga, akachekecha, tukala bada la unga wa Mtwara kwa kisamvu cha mpira, babu na mjukuu katika sahani moja.

Msomaji, mvua zijazo nawe ukipanda muhogo, usibebe pingili za jirani kwa mazoea. Muulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako mzalishaji aliyekaguliwa yuko wapi, ukanunue kwake, hata kama ni mzigo mmoja wa kuanzia. Ukiona mche wenye dalili, ung’oe mapema, usiuonee huruma. Nanyi mnaopanga bajeti za utafiti, msifunge kitalu kwa sababu ugonjwa umetulia. Uliofungiwa kitabu mwaka 1957 ulirudi, ukapanda milima tuliyoambiwa haupandi. Na kila mnapopeleka aina mpya kijijini, mpelekeeni kwanza yule atakayeimenya, kuisaga na kuipika, maana yeye ndiye atakayeilea.